"Wewe" ya Kiingereza ilienda wapi?



Kila mtu anayeanza Kiingereza hapa Kampala anauliza swali lile lile: "ninyi" yao ni ipi? Anajibiwa, you. Na "wewe"? You pia. Mtu mmoja you, taksi nzima ya watu kumi na wanne you. Sisi tuliolelewa na u- na m-, na wengine wetu na tu na vous, tunaona kama lugha yenye pengo la jino. Na kweli, jino lilikuwepo, likang'oka. Waganda wenyewe wanaliziba pengo hilo kwa kusema you people, na sote tunajua jinsi maneno hayo yanavyoweza kuuma yakisemwa dirishani mwa ofisi.

Kiingereza cha zamani sana, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kilikuwa kama chetu. Mtu mmoja aliitwa thou (tamka "dhau", dh ile ya dhahabu), au thee akiwa ndiye anayetendewa. Watu wengi waliitwa ye, na you wakitendewa. Kulikuwa hata na neno la "ninyi wawili", git, ambalo lilikufa mapema. Hapo hakuna heshima wala dharau, ni hesabu tu: mmoja au wengi.

Kisha mwaka 1066 watu wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na ya mahakama. Wafaransa walikuwa na desturi ya kumwambia mkubwa mmoja vous, kana kwamba yeye peke yake ni umati. Kuanzia karne ya 13 Waingereza wakaiga: bwana mkubwa akaitwa ye na you, mtumishi akabaki thou. Msishangae, hata sisi tunafanya hivyo. Mrundi na Mnyarwanda humwamkia mzee mmoja kwa mwaramutse, ya wingi. Mganda naye humuuliza mzee mwasuze mutya, wakati mtoto mwenzake anamwambia wasuze otya. Kiswahili sanifu ndicho kilichochukua njia nyingine: "wewe" haibadiliki, heshima inabebwa na shikamoo, mzee, mama, baba fulani.

Lakini wingi wa heshima una upande wake wa pili. Ukishakuwa na neno la kumpandisha mtu, lile lililobaki linakuwa la kumshusha. Novemba 1603, mjini Winchester, Sir Walter Raleigh, aliyewahi kuwa kipenzi cha Malkia Elizabeth wa Kwanza, alishtakiwa kwa uhaini dhidi ya Mfalme James. Mwendesha mashtaka, Edward Coke, alimrushia thou mbele ya watu wote, na akasema wazi kwamba anafanya hivyo kwa makusudi. Waliosoma Kifaransa wanakijua kitenzi tutoyer, kumwita mtu tu. Kiingereza nacho kilikuwa na chake, to thou, na siku ile kilitumika kama kofi. Raleigh alihukumiwa kufa, ingawa alikuja kuuawa mwaka 1618 tu. Sisi tunaijua vizuri sauti ile. Tunaijua tofauti ya "wewe" ya mama jikoni na ile "wewe!" ya askari kwenye kizuizi, na hapa Uganda, ambapo Kiswahili kilisikika miaka mingi midomoni mwa wanajeshi, ya pili ndiyo ambayo wengi waliisikia kwanza.

Miaka kama hamsini baadaye likatokea kundi lililoamua kuugeuza mchezo wote. Ni Marafiki, wanaoitwa pia Quakers, wa George Fox. Hoja yao ilikuwa rahisi: mtu mmoja ni mmoja, kumwita "ninyi" ni kumdanganya na kumpaka mafuta. Basi wakamwambia kila mtu thou, awe mkulima au hakimu, na hawakumvulia yeyote kofia. Mwaka 1660 Fox na wenzake walitoa kitabu kizima cha kuonyesha kwamba lugha nyingi, Kiebrania na Kilatini zikiwemo, zinatenganisha mmoja na wengi. Watu walipigwa kwa ajili ya neno hili. Kijana mmoja, Thomas Ellwood, aliandika kwamba babake mzazi alimtishia kumvunja meno akimsikia tena akimwambia thou. Msidhani ni habari za mbali. Hao hao Marafiki ndio walioleta kanisa lao Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na mmoja wa wale vijana watatu wa Kimarekani waliofika Kaimosi, Arthur Chilson, alikwenda kuanzisha misheni Kibimba, Burundi, mwaka 1934. Wenzetu Warundi kadhaa wamesali katika kanisa hilo bila kujua kwamba mababu zake wa imani walitukanwa barabarani kwa sababu ya "wewe".

Marafiki walitaka usawa kwa kuwashusha wakubwa. Kilichotokea ni kinyume chake: kila mtu akapandishwa. Mjini, ambapo humjui unayeongea naye ni nani, ilikuwa salama zaidi kumwita kila mtu you, na kufikia karibu mwaka 1700 thou ilikuwa imetoweka katika mazungumzo ya kawaida, isipokuwa vijijini, hasa kaskazini. Sisi tunaona ulikuwa usawa mzuri, ila ulilipiwa kwa kupoteza hesabu.

Thou ilibaki kwenye Biblia ya 1611, ile ya Mfalme James huyo huyo, na ndiyo maana wengi kanisani wanadhani ni Kiingereza cha unyenyekevu mkubwa. Hapana. Wafasiri walifuata Kiebrania na Kigiriki tu: Mungu ni thou, Farao ni thou, mtumwa ni thou, hata Shetani. Kiswahili kinafanya vile vile, maana tunasema "jina lako", hatusemi "jina lenu". (Wakatoliki wa Kifaransa ndio waliosali Baba Yetu kwa vous mpaka 1966; waulizeni babu zenu wa Bukavu.) Fungueni Luka 22, mstari wa 31 na 32. Yesu anamwambia Petro kwamba Shetani amewataka "ninyi", yaani mitume wote, lakini yeye amemwombea "wewe", Petro peke yake. Kwa Kiswahili utaona. Katika Biblia nyingi za Kiingereza cha leo ni you na you, na maana hiyo imefichika.

Sasa wahisani na wakalimani mtusikilize hapa. Ofisa anauliza kwa Kiingereza: When did you leave? Mkalimani lazima achague, "ulitoka lini" au "mlitoka lini", kwa sababu Kiswahili hakimruhusu kukwepa. Tuchukue baba aliyekimbia mwezi wa tatu, mke na watoto wakamfuata mwezi wa saba. Mkalimani wa kwanza akisema u-, atajibu mwezi wa tatu. Wa pili, mwaka unaofuata, akisema m-, atajibu mwezi wa saba, siku familia ilipovuka. Majibu yote mawili ni kweli. Kwenye karatasi swali ni moja, tarehe ni mbili, na mtu anaonekana mwongo.

Swali la silaha ni zito zaidi. Did you carry weapons? Wewe, au ninyi vijana wa kijiji kile? Kijana anayesikia "mlibeba" anaweza kusema ndiyo kwa sababu binamu yake alibeba, na ndiyo hiyo ikaandikwa chini ya jina lake yeye.

Kabla ya kujibu, unaruhusiwa kuuliza: mimi peke yangu, au sisi wote? Na mkalimani anaruhusiwa kumgeukia ofisa na kumuuliza hivyo hivyo kabla hajafungua mdomo. Kwa Kiingereza ni maneno manne: Only me, or everyone?