Mfinyanzi Aliyekuwa Mwimbaji: Mafunzo na Riziki katika Maisha ya Siti binti Saad

Kila zitajwapo habari za Siti binti Saad wa Unguja, husemwa kwamba alizaliwa na sauti. Neno hili ni la kumsifu, wala sina nia ya kulikanusha. Sauti alikuwa nayo. Walakini sifa hiyo ina dosari moja, nayo ni kwamba yamnyang'anya kazi yake. Mtu aliyezaliwa na kitu hakukitafuta, na asiyekitafuta hana la kutufundisha sisi tunaotafuta. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha, kwa ushahidi wa historia na wa maneno yenyewe ya Kiswahili, kwamba Siti alikuwa mwanafunzi kabla ya kuwa mwimbaji. Kwamba mafunzo yake yalikuwa na utaratibu ingawa hayakuwa na jengo wala cheti. Na kwamba namna alivyoigeuza sanaa kuwa riziki yawahusu hata wale wanaofundisha na kufundishwa sanaa leo.

Yafaa tuanze na maneno, maana lugha aghalabu huhifadhi mambo ambayo vitabu vimeyaacha. Kitenzi *funda* chasikika hasa katika habari za unyago: mwari hufundwa na kungwi wake. Kutokana na shina hilo twapata *funza* na *fundisha*, twapata *mwanafunzi*, na kwa wengi tunaofuata nasaba ya maneno, twapata pia *fundi*. Msomaji ataona kwamba maneno mawili ya mwisho hayakupita njia moja. Katika majina ya watendaji ya zamani, *d* inayofuata *n* hugeuka *z* mbele ya *i*: *penda* hutoa *mpenzi*, *linda* hutoa *mlinzi*. *G* nayo hugeuka vivyo hivyo: *tunga* hutoa *mtunzi*, *finyanga* hutoa *mfinyanzi*. *Mwanafunzi* limefuata sheria hiyo. *Fundi* halikuifuata, kama *mshindi* lisivyoifuata. Lakini sauti zikitofautiana, maana zimebaki jirani. Fundi na mwanafunzi ni watu wa nyumba moja: mmoja amekwisha fundwa, mwingine angali akifundwa.

Neno *sanaa* lilikuja kwa njia nyingine. Asili yake ni Kiarabu, na shina lake katika lugha hiyo ni la kutengeneza kitu kwa mikono. Ndilo shina linalotoa pia jina la kazi za viwanda. Basi kwa asili yake sanaa haikuwa mbali na ufundi hata kidogo. Mchonga milango, mfua fedha, msuka mikeka na mfinyanga vyungu wote walikuwa watu wa sanaa. *Mwimbaji* nalo lina ushahidi wake. Kiambishi -*aji* hutaja mtu afanyaye jambo kwa mazoea: msomaji, mchezaji, mfanyaji. Kwa hiyo lugha yenyewe haisemi kwamba mwimbaji ni aliyejaliwa kuimba. Yasema ni yule aimbaye na kuimba tena.

Sasa tuitazame historia. Kwa mapokeo ya Unguja, muziki wa taarabu ulianza katika jumba la Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Husimuliwa kwamba Sultani alimpeleka kijana mmoja, Muhammad Ibrahim, nchi ya Misri akajifunze muziki, naye aliporudi akawafundisha wengine kupiga ala mbele ya mfalme. Jambo hili lastahili kuangaliwa. Hapa pana mwanafunzi, pana safari, pana mwalimu wa mbali, na pana mtu wa kulipa gharama. Aliyelipa ndiye aliyechagua: ala zilikuwa za Misri, na lugha ya nyimbo ilikuwa Kiarabu. Mwanamuziki wa jumbani alikuwa na riziki, lakini ilikuwa riziki ya kiti kimoja. Msikilizaji wake mkuu alikuwa mmoja.

Njia ya pili ilifunguka 1905, kilipoanzishwa chama cha Ikhwani Safaa mjini Unguja. Hao walikuwa watu waliokusanyika kwa mapenzi ya muziki. Walifundishana ala na nyimbo, na chama chao kimeishi kwa zaidi ya karne. Chama ni shule njema, kwani anayejua humwelekeza asiyejua, wala hapana atozwaye ada kwa kila somo. Lakini chama hicho kilikuwa cha wanaume, na cha watu waliokuwa na riziki yao mahali pengine. Walipiga muziki kwa ridhaa. Mtu aliyehitaji kuimba ili ale, tena akiwa mwanamke, hakuwa na mlango wa kuingilia humo.

Mtu huyo ndiye Siti. Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, wote wawili wa asili ya utumwa. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Sheria ya kuondoa hali ya utumwa Unguja ilitolewa 1897, naye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwanamwali. Hivyo jina lake lilikuwa habari ya kweli kabla ya kuwa jina tu. Shule hakuipata, wala utotoni hakukalishwa chuoni kusoma Kurani. Alichofunzwa ni kazi ya mama yake, ufinyanzi, na vyungu alivyofinyanga alivichukua mjini kuviuza.

Katika kutembeza vyungu alikuwa akinadi kwa kuimba, na wanunuzi waliijua sauti yake kabla hawajauona uso wake. Wengi husimulia jambo hili kana kwamba ni pambo la hadithi. Mimi naliona kuwa darasa la kwanza. Mwenye kunadi hujifunza mambo matatu ambayo hapana mwalimu awezaye kuyafundisha kwa maneno: kuitawala pumzi huku akitembea na mzigo, kuyatamka maneno yasikike ng'ambo ya ukuta, na kutambua upesi ikiwa aliye ndani amevutwa au amechoshwa. La tatu ndilo gumu kuliko yote. Mwanamuziki wa jumbani aliweza kuishi bila kulijua. Muuza vyungu hakuweza.

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mtu wa muziki, aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala. Ndipo mafunzo ya pili yalipoanza, nayo yalikuwa ya kweli. Kuimba peke yako njiani si sawa na kuimba pamoja na udi na fidla, maana ala haimngojei mwimbaji, na sauti iliyozoea kwenda ipendavyo hulazimika kujifunza kungoja zamu yake. Isitoshe, nyimbo zilizotakiwa wakati huo zilikuwa za Kiarabu. Asiyesoma alipaswa kuzipokea kwa sikio na kuzihifadhi kwa moyo, akazitofautisha *kh* na *h*, *gh* na *g*, *dh* na *z*, ambazo katika vinywa vya Waswahili wengi huchanganyika. Husimuliwa kwamba alikuja kusifiwa hata kwa kusoma Kurani. Kwa mtu wa fonetiki hilo si jambo dogo: sikio la mtu mzima limefanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na sikio la mtoto.

Baadaye alijumuika na wenzake: Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Mwalim Shaaban. Hao hawakuwa wapigaji wa nyuma yake tu, bali walikuwa baraza la kazi. Nyimbo zao nyingi zilikuwa za Kiswahili, na maneno yake yalitoka katika mambo ya mjini: dhuluma za wenye nguvu, hukumu za mahakama, visa vya mapenzi, wanawake walioonewa. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, wahusu mtu aliyemwua mwanamke kisha akakimbilia bara. Kisa kilichokuwa kikisemwa barazani kilipata umbo, na umbo likakifanya kisisahaulike. Mara nyingi husemwa kwamba Siti alikuwa wa kwanza kuimba taarabu kwa Kiswahili. Maneno hayo yana ubishi, wala heshima yake haiyategemei. Lisilo na ubishi ni kwamba kwa yeye Kiswahili cha taarabu kilitoka kisiwani.

Kilitoka kwa santuri. Mwezi Machi 1928 Siti na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, wakarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Karibu na 1930 kampuni za Odeon na Columbia nazo ziliingia katika biashara ya nyimbo za Kiswahili. Santuri za siku hizo zilichukua kama dakika tatu kila upande. Wimbo ulioweza kuendelea usiku karamuni, kwa kadiri wasikilizaji walivyoomba urudiwe, ulipaswa kukatwa ukatoshea katika dakika hizo. Huo ulikuwa ufundi mpya, wa kuchagua beti na kuyaacha mengine, na hapana mzee wa taarabu aliyeweza kumfundisha, kwa kuwa hapana aliyekuwa amekwisha ufanya.

Hapa pana sadfa ya tarehe ambayo sisi wa lugha hatuwezi kuipita. Mwezi Juni mwaka huohuo wa 1928 ulifanyika mkutano wa Mombasa, akiwamo Carl Meinhof, ambao uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Kamati ya lugha iliyotokana na uamuzi huo ilianza kazi 1930. Sisemi kwamba santuri zilisababisha uamuzi, wala kwamba waliokutana Mombasa walikuwa wakizisikiliza. Nasema kwamba katika miaka ileile Kiunguja kilisafiri kwa njia mbili. Njia moja ilikuwa ya kamusi, sarufi na vitabu vya shule, na habari zake tumeziandika mara nyingi. Njia ya pili ilikuwa ya sauti ya mfinyanzi wa Fumba, iliyowafikia hata wasiojua kusoma. Historia ya lugha yetu inayotaja njia ya kwanza peke yake ni nusu ya historia.

Tuje sasa kwenye riziki. Methali yasema *mfinyanzi hulia gaeni*: atengenezaye vyungu vizima, yeye hulia kigaeni. Siti aliijua methali hiyo kwa mikono yake kabla ya kuijua kwa sikio. Katika uimbaji riziki ilitoka katika karamu na arusi, kwa mwaliko na kwa tuzo. Kitenzi kitumikacho katika taarabu ni *kutunza*: msikilizaji huinuka akamtunza mwimbaji kwa fedha. Kitenzi hichohicho chatumika kwa kumlea mtoto na kwa kukiweka kitu kisiharibike. Basi tuzo si ujira. Ujira hudaiwa, tuzo hutolewa. Ujira humalizika kazi ikimalizika, tuzo huacha ukaribu baina ya atoaye na apokeaye. Uzuri wa desturi hii ni kwamba humheshimu mwimbaji. Ubaya wake ni kwamba haimpi haki, kwa kuwa anayetunzwa leo aweza asitunzwe kesho, wala hana wa kumdai.

Hata heshima yenyewe haikuja bure. Walitokea wa kumdhihaki kwa wimbo kwamba si mtu wa nasaba wala wa uzuri, naye akawajibu kwa wimbo. Dhihaka imebaki katika kumbukumbu kwa sababu tu jibu lilikuwa zuri kuliko dhihaka. Na jina la Mtumwa likatoweka. *Siti* ni neno la Kiarabu la kumwita bibi mwenye heshima, bibi wa nyumba. Aliyezaliwa akiitwa kwa hali ya wazee wake alikufa, mwezi Julai 1950, akiitwa kwa hali aliyoipata kwa kazi yake. Mwaka 1958 Shaaban Robert alichapishiwa *Wasifu wa Siti binti Saad*, ukiwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Ni jambo la kushukuriwa kwamba mwandishi mkuu wa wakati wake aliona maisha ya mwanamke asiyesoma kuwa yastahili kitabu.

Mafunzo hayo hayakukatika. Fatuma binti Baraka, ambaye wengi walimjua kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki 2013, alizipokea nyimbo za Siti kwa sikio kama Siti alivyozipokea za kabla yake. Naye alikuwa kungwi wa unyago. Hivyo katika mtu mmoja vilikutana tena *kufunda* na *kuimba*. Pia zimetokea shule. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa 1981, na 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Unguja kulifunguliwa 2002 chuo cha muziki cha nchi za majahazi, ambacho taarabu ni miongoni mwa masomo yake. Kijana wa leo anao mlango ambao Siti hakuwa nao, na asiyeufurahia mlango huo hajui uchungu wa kuukosa.

Walakini kuna jambo moja la kuhofiwa, na lugha imekwisha litangaza. Katika miaka ya karibuni neno *usanii* limepata mitaani maana ya ulaghai. Mtu akitudanganya twasema ametufanyia usanii. *Ufundi* halikupatwa na msiba huo. Naona sababu yake ni hii: fundi hujulikana kwa kazi aliyoifanya, chungu kikivuja kimevuja, bali msanii twaweza kumwita hivyo kwa madai yake tu, kabla hatujaiona kazi. Tulipoitenga sanaa na ufundi tulidhani tumeipandisha daraja, kumbe tumeipunguzia ushahidi.

Siti hakuona mpaka kati ya vitu hivi viwili. Alitoka katika udongo akaenda katika wimbo bila kubadili tabia ya kazi: kukanda, kungoja, kujaribu, kuvunja kilichoharibika na kuanza tena. Sauti alizaliwa nayo, kazi alijifunza. Wanaofundisha sanaa vyuoni wakilikumbuka hilo, watawapa wanafunzi wao si sifa za kipaji bali saa za mazoezi, mwalimu wa karibu, wasikilizaji wa kweli, na haki ya ujira pamoja na tuzo. Na wanafunzi wakilikumbuka, hawatakaa kungoja kuzaliwa mara ya pili.