Kabla ya kinu cha nyuklia, tusome historia ya Eastlands

Mara tatu mwaka 2023, ombi la kujenga kituo cha kuhifadhi na kujaza gesi katika eneo la Mradi, Embakasi, lilifika mezani mwa EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na petroli nchini. Liliwasilishwa Machi 19, kisha Juni 20, kisha Julai 20. Mara zote lilikataliwa. Sababu zilielezwa bayana: michoro haikutimiza umbali wa usalama unaotakiwa na viwango vya Kenya, na watu wanaishi kwa msongamano mkubwa kuzunguka kiwanja hicho. EPRA ilimtaka mwombaji alete tathmini ya hatari inayoonyesha joto la mlipuko lingefika wapi endapo gesi ingeshika moto.

Usiku wa Alhamisi, Februari 1, 2024, mwendo wa saa tano na nusu, gesi ilishika moto. Lori lililosheheni gesi lililipuka, mtungi mmoja ukarushwa angani na kuangukia ghala la nguo, na ghala hilo likateketea lote. Moto ulisambaa kwenye magari, maduka na nyumba za kupanga ambako watu wengi walikuwa wamekwisha kulala. Vifo vitatu vilithibitishwa katika saa za kwanza, na idadi ikapanda siku zilizofuata. Majeruhi walizidi 200.

Wananchi walipotaka kujua kituo hicho kilifanyaje kazi bila kibali cha EPRA, ikabainika kwamba kilikuwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, iliyotolewa Februari 2, 2023. NEMA yenyewe ilikiri kwamba leseni hiyo ilitolewa kinyume cha utaratibu, na maafisa wake wanne wakasimamishwa kazi. Rais William Ruto aliagiza waliohusika kutoa leseni wafutwe na kushtakiwa. Ofisi moja ya serikali ilikuwa imekataa mara tatu, nyingine imetia muhuri, na hakuna aliyefunga geti.

Mkasa huo ni wa gesi ya kupikia. Lakini dola iliyoshindwa kufunga geti la Mradi ndiyo hiyo hiyo inayopanga kutoa leseni ya kinu cha kwanza cha nyuklia nchini. Anayetaka kujua kama tuko tayari hana haja ya kusubiri kinu kijengwe. Historia ya Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ina ushahidi wa kutosha.

Wafanyakazi na mafuta mahali pamoja

Wakoloni waliupanga mji wa reli kwa rangi ya ngozi. Wazungu walijitengea nyanda za juu za magharibi. Waafrika wakapelekwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaonata mvua inaponyesha. Kaloleni, Makongeni, Ziwani, Shauri Moyo, na baadaye Bahati, Ofafa na Jericho, ilikuwa mitaa ya watu waliotakiwa wafike kazini kwa miguu, na mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1948 haukuuvunja mpangilio huo wa makazi kukaa ubavuni mwa Eneo la Viwanda. Baada ya uhuru zikaongezeka Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole.

Mafuta nayo yalielekezwa upande huo huo. Kampuni ya serikali ya Kenya Pipeline iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1978 mafuta yakaanza kusukumwa kwa bomba kutoka Mombasa hadi Nairobi, masafa ya takriban kilomita 450. Mtaa mzima wa Embakasi ukabeba jina la bomba hilo: Pipeline. Leo ni mtaa wa maghorofa yaliyobanana hadi jua halifiki dirishani. Upande wa Mukuru, watu waliokosa pa kwenda walijenga vibanda vya mabati kwenye ukanda wa bomba uliopaswa kuachwa wazi.

Kwa karibu miaka 30 hapakuwa na mdhibiti wa petroli aliyejitenga na wizara. Waziri wa Kawi ndiye aliyekuwa msimamizi wa kampuni ya bomba, na ndiye huyo huyo aliyepewa na sheria mamlaka juu ya usalama wa biashara ya mafuta. Mambo yalibadilika kupitia Sheria ya Kawi ya mwaka 2006, iliyounda Tume ya Kudhibiti Kawi, mtangulizi wa EPRA.

Mwaka 2011

Machi 11, 2011, tetemeko kubwa la ardhi na tsunami viliupiga mwambao wa mashariki wa Japani. Mawimbi yaliruka ukuta wa kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, yakazima jenereta za dharura, na vinu vitatu vikayeyuka kwa kukosa maji ya kuvipoza. Tume iliyoundwa na bunge la Japani, ikiongozwa na Profesa Kiyoshi Kurokawa, ilihitimisha mwaka 2012 kwamba ajali ile ilikuwa maafa yaliyosababishwa na binadamu. Shirika lililopaswa kukagua usalama lilikuwa chini ya wizara ya uchumi, biashara na viwanda, wizara iliyokuwa ikiupigia debe umeme wa nyuklia. Mkaguzi na mkaguliwa walikuwa wamezoeana mno. Septemba 2012 Japani ikaunda mamlaka mpya ya udhibiti, ikaiondoa mikononi mwa wizara hiyo.

Miezi sita baada ya Fukushima, asubuhi ya Jumatatu, Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka bohari ya Kenya Pipeline katika Eneo la Viwanda, Nairobi. Iliingia kwenye mtaro wa maji ya mvua na kuteremka hadi Sinai, kijiji cha mabanda kandokando ya Lunga Lunga. Watu walitoka na ndoo, mitungi na sufuria kuichota. Lita chache za petroli zilikuwa karo ya mtoto au kodi ya chumba. Moto ulipowaka, ulifuata mtaro hadi mtoni na kuvipitia vibanda vyote vilivyokuwa njiani. Zaidi ya watu 100 walifariki, na wengi zaidi wakalazwa na majeraha ya moto.

Wengi waliwalaumu waliochota. Lakini aliyechota petroli hakufungua valvu yoyote wala hakuelekeza mtaro wa kampuni kwenye makazi ya watu. Kampuni ilikuwa ya serikali, mdhibiti alikuwa wa serikali, ardhi ya ukanda wa bomba ilikuwa ya umma, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kumwachia mwenzake. Fukushima na Sinai zilitokea mwaka mmoja, moja katika nchi tajiri yenye vinu zaidi ya 50, nyingine katika mtaa usio na maji ya mfereji, na zote mbili zilifunua ufa ule ule: mwenye mali na mwenye kukagua mali walikuwa wakila meza moja.

Sheria ya mionzi ina umri mkubwa kuliko wengi wetu

Udhibiti wa mionzi Kenya ulianza kabla ya ndoto ya kinu. Nchi ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, mwaka 1965. Sheria ya Kinga dhidi ya Mionzi ilipitishwa mwaka 1982 na kuanza kutumika 1984, ikaunda bodi ya kutoa leseni kwa kila anayemiliki mashine au vitu vinavyotoa mionzi.

Wakazi wa Eastlands wameishi chini ya sheria hiyo bila kuijua. Chukua chumba cha eksirei katika zahanati ya Kayole au Donholm inayofuata sheria. Mlango una bamba la risasi ndani yake, ndiyo maana ni mzito kuusukuma. Juu yake pana taa nyekundu inayowaka mashine inapopiga picha, na ubavuni pana bango la manjano lenye mabawa matatu yanayozunguka kitone. Tangazo linamtaka mwanamke mwenye mimba aseme mapema. Mpiga picha amebandika kifuani kibeji kidogo cha plastiki, ambacho hupelekwa maabara kila baada ya muda fulani kusomwa ni mionzi kiasi gani imempata. Kiwango cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na kwa mwananchi wa kawaida milisiveti 1. Leseni ya chumba hicho ina tarehe ya mwisho, na mkaguzi akikuta ukuta hautoshi ana haki ya kukifunga.

Huo ndio udhibiti ukifanya kazi: ukuta uliopimwa, kibeji kinachosomwa, karatasi yenye tarehe, na mtu mwenye mamlaka ya kusema leo hamfanyi kazi. Tofauti ya chumba hicho na kinu cha umeme ni ukubwa wa madhara iwapo mtu huyo atanyamaza.

Kanda yetu ilionja hatari ya kulegea mapema. Kinu cha kwanza cha utafiti barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Miaka ya baadaye fimbo mbili za fueli zikatoweka kutoka kituo hicho, na moja ikanaswa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu.

Kutoka kamati hadi mamlaka

Mwaka 2010 serikali ya Kenya iliunda kamati ya mradi wa umeme wa nyuklia, ikiongozwa na waziri wa zamani Ochillo Ayacko. Mwaka 2012 kamati ikawa bodi. Agosti 2015 wataalamu wa IAEA walikuja kuangalia utayari wa nchi katika mambo 19, yakiwemo sheria, udhibiti, fedha, eneo la ujenzi, taka za nyuklia na ushirikishaji wa wananchi.

Mwaka 2019 Bunge lilifanya jambo la maana. Sheria mpya ya Kawi iligeuza bodi kuwa NuPEA, wakala wa kuendeleza umeme wa nyuklia. Sheria nyingine, ya Udhibiti wa Nyuklia, ikaivunja bodi ya zamani ya mionzi na kuunda KNRA, mamlaka ya udhibiti wa nyuklia. Anayetaka kujenga akatenganishwa na anayetoa leseni. Marekani ilifika hapo kwa kuchelewa: tume yake ya nishati ya atomiki ilikuza na kukagua nyuklia kwa pamoja kwa zaidi ya miaka 20, hadi sheria ya 1974 ilipoigawa, na tume mpya ya udhibiti ikaanza kazi Januari 1975. Sisi tumewatenganisha kabla ya kujenga, na hilo ni la kupongezwa.

Sheria nzuri haijatuliza roho za watu. Huko Uyombo, Kilifi, wakazi waliandamana Mei 2024 kuupinga mpango wa kujenga kinu kwao, wakihofia bahari wanayovua na msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani, na polisi wakatumia nguvu kuwatawanya. Mwaka 2025 macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Viktoria. Tarehe za kuanza ujenzi zimesogezwa zaidi ya mara moja.

Geti lazima lifungwe kwanza

Kinu cha nyuklia hakipewi leseni moja. Kuna kibali cha eneo, cha ujenzi, cha kupakia fueli, cha kuzalisha umeme, na hatimaye cha kukibomoa na kutunza taka zake. Katika kila hatua mdhibiti anapaswa kuweza kusema hapana, na neno lake lisimamishe kazi hata kama mabilioni yamekwisha kutumika. Afrika Kusini, yenye kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi barani, Koeberg, ina mipango ya dharura inayohesabu wakazi ndani ya kilomita 5 na kilomita 16 kutoka kinu. Wanajua nani anaishi wapi na ataondoka kwa barabara ipi. Embakasi, serikali haikuweza kulinda umbali wa mita chache kati ya lori la gesi na kitanda cha mpangaji.

Naunga mkono umeme wa uhakika, na sayansi ya nyuklia haina kosa. Ila nchi inayotaka kuwasha kinu inapaswa kwanza ithibitishe kwamba mamlaka ikikataa mradi, mradi unakufa. KNRA ipewe fedha zisizotegemea mradi inaoukagua, wakaguzi waliofunzwa na kulipwa vizuri, na ulinzi wa kisheria dhidi ya simu za wakubwa. Leseni za EPRA, NEMA, KNRA na kaunti ziunganishwe, ili kukataa kwa mmoja kuzuie kalamu ya mwingine.

Sisi wananchi nasi tuna kazi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi na salama. Ukiona matangi yakishushwa usiku jirani na nyumba yako, iwe Pipeline, Mukuru au Kayole, andika barua uombe kuiona leseni, na ukinyimwa, mwendee mwakilishi wa wadi, mbunge na mahakama. Wakazi wa Siaya wafanye vivyo hivyo kuanzia sasa, wakati kiwanja bado ni shamba. Serikali isiwasogezee kinu kabla haijawaonyesha kwamba inaweza kufunga kituo cha gesi Embakasi.