Raha ya Shamba, Kutoka Kidichi Hadi Buteba

Mume na mke wanaofunga safari siku hizi, wakaziacha foleni za malori za miji ya mpakani ya Malaba na Busia ili wakapumzike siku mbili tatu katika shamba lenye nyumba nzuri ya wageni, ambako hulala kwa utulivu na kula kilichochumwa asubuhi ile ile, aghalabu hudhani kwamba starehe yao ni jambo la juzi lililoletwa na watalii. Walakini starehe hiyo ina tarikhi ndefu katika Afrika Mashariki, na watu wa Buteba, wenye ardhi nzuri kati ya Busia na Tororo upande wa Uganda, wanahitaji kuijua tarikhi hiyo kabla ya kukata shauri la namna watakavyowakaribisha wageni wa aina hii.

Mwaka 1850 Sayyid Said bin Sultan, aliyeyahamishia makao ya ufalme wake Unguja kutoka Maskati, aliamuru hamamu ya mawe ijengwe Kidichi, mahali pa mwinuko miongoni mwa mashamba ya mikarafuu kaskazini mwa mji, kwa ajili ya mkewe Sheherazade, mjukuu wa Fath Ali Shah wa Uajemi, ambaye alikuwa amemwoa miaka mitatu kabla. Wawili hao walikuwa wakitoka mjini kwenda kuwinda na kuyakagua mashamba, na baada ya jua na vumbi walitaka mahali pa kuoga na kujinyoosha. Mwenye kuingia humo leo huona vyumba vyenye kuba, mwanga ukishuka kutoka matundu ya juu, na ukutani nakshi za chokaa za ndege, maua na mitende, zilizochorwa kwa mtindo wa Kiajemi, jambo la nadra katika majengo ya Unguja ya zama zile; na nadhani fundi aliyezichora alikusudia bibi yule asiihisi sana ghurba ya kukaa mbali na kwao. Nyumba iliyokuwa kando ya hamamu imetoweka, na ndoa yenyewe haikudumu, kwani bibi alipewa talaka akarejea Uajemi pasipo kumzalia Sayyid mtoto.

Raha hiyo ilikuwa na gharama yake, na gharama hiyo haikulipwa na wawili hao. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 kwamba baba yake alikuwa na mashamba 45 kisiwani, na kwamba waliotumika humo walikuwa watumwa, mamia kwa mamia, ambao wengi wao walitekwa bara wakavushwa bahari kwa majahazi. Hao ndio waliopanda mikarafuu wakapanda juu yake kuchuma, hao ndio walioteka maji na kukata kuni za kuipasha moto hamamu, na hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake limeandikwa ukutani Kidichi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa kisheria ikafutwa mwaka 1897, miaka zaidi ya arubaini baada ya Sayyid Said kufariki.

Bara mambo yalikwenda kwa njia nyingine, ingawa kiini kilikuwa kile kile. Walowezi walipogawiwa nyanda za juu za Kenya, ikiwamo Trans Nzoia iliyo kaskazini-mashariki mwa Busia, nyumba kubwa ya shamba, yenye bustani ya maua na baraza la kunywea chai, ikawa makazi ya bwana, na mlimaji akawa mgeni katika ardhi ya wazee wake. Huko Karatu, Tanzania, shamba la kahawa lililoanzishwa mwaka 1929 na mlowezi wa Kijerumani, kisha likanunuliwa mwaka 1948 na Mwingereza James Gibb, lilianza kuwapokea wageni wa kulala mwaka 1972, na hadi leo linahesabiwa miongoni mwa mashamba mashuhuri ya mapumziko.

Buteba haikuipitia njia hiyo. Mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya yao nyingine, ile iliyokuja kuitwa Kenya, na Wateso na Wasamia, wenyeji wa sehemu hizi, wakajikuta pande mbili za mpaka. Lakini upande wa Uganda ardhi hii haikugawiwa walowezi, na pamba, ambayo mbegu zake zililetwa nchini kuanzia mwaka 1903, ililimwa na wenyeji katika makonde yao wenyewe, baadaye kwa plau za ng'ombe. Kwa hiyo hapakuwa na jumba la bwana la kurithi. Palikuwa na ua uliofagiwa, na katikati yake chungu cha ajon, pombe ya wimbi, ambacho wageni hukizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu, huku mwenye nyumba akiongeza maji ya moto kadiri mazungumzo yanavyorefuka. Mimi naiona hiyo kuwa takrima isiyozidiwa na hamamu yoyote, kwa kuwa mwenye kuitoa ndiye mwenye ardhi na ndiye aliyelivuna wimbi lenyewe.

Basi, enyi wenye mashamba wa Buteba, mkitaka kujenga nyumba za mapumziko, zijengeni kwa ushirika na katika ardhi iliyobaki mikononi mwenu, wala msiiuze kwa tajiri kisha mkaajiriwa kuilinda. Nanyi mume na mke mtakaokuja kupumzika, kabla ya kulipa ulizeni ardhi ni ya nani, na mpishi na mlimaji wanapata fungu gani.