Sauti za Watlingit, Kutoka Nta hadi Video

Mwaka 1899 meli ya msafara wa tajiri wa reli Edward Harriman ilitia nanga Sitka, kusini-mashariki mwa Alaska, ikiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Hotuba mbili za mwaka huo za Kitlingit, lugha ya Watlingit ambao ni wenyeji wa eneo hilo, zimesalia hadi leo. Silinda moja huchukua dakika chache tu, na kila inapochezwa sindano huila nta kidogo, hivyo kuisikiliza ni kuimaliza.

Kuiandika lugha hii kwa kalamu peke yake ni kazi ngumu. Maneno yake ya asili hayana m, b wala p, ilhali yana s inayotamkwa kwa kubana koo, sauti adimu duniani, na toni ikipanda au kushuka maana hubadilika. John Swanton, aliyekusanya hadithi Sitka na Wrangell mwaka 1904, alitegemea sikio lake. Maandishi yake ni hazina, lakini pumzi ya msimulizi haimo.

Kanda za sumaku zilirahisisha mambo. Frederica de Laguna alirekodi nyimbo Yakutat katika miaka ya 1950. Baadaye mwanaisimu Jeff Leer alifanya kazi na Frank na Emma Williams, wazee wa lahaja ya Tongass. Lahaja hiyo haina toni; mahali pake pana irabu zinazokatwa kooni, na ndiyo iliyowaonyesha wataalamu asili ya toni za Kitlingit. Haina tena wasemaji. Bila kazi ile, ushahidi huo ungezikwa pamoja nao.

Hata hivyo, kanda isiyo na mtu wa kuielewa ni kama bubu. Nora Marks Dauenhauer, aliyekua akisema Kitlingit, na mumewe Richard walitumia miongo kadhaa kuandika yaliyomo: sekunde chache zinasikilizwa, kanda inarudishwa nyuma, neno linaandikwa, kisha wazee wanaulizwa. Kitabu chao cha mwaka 1990, Haa Tuwunáagu Yís, kina hotuba, zikiwemo za kuondoa matanga, zilizorekodiwa kati ya 1968 na 1988, pamoja na zile mbili za 1899.

Swali la mwenye mali nalo ni zito. Kwa Watlingit, wimbo, hadithi au jina ni at.óow, mali ya ukoo. Chuo kinaweza kumiliki kanda. Wimbo uliomo unabaki wa ukoo, na idhini huombwa huko.

Makusanyo ya zamani yalijaa hotuba na ngano, huku mazungumzo ya kawaida yakisahauliwa. Katika karne ya 21 Alice Taff na wenzake huko Juneau waliziba pengo hilo: waliwarekodi wazee kwa video wakipiga soga wao kwa wao, kisha wakayaandika mazungumzo hayo na kuyatafsiri.