Nukta na Mistari kwa Kijapani

Mwaka 1854, msafara wa Matthew Perry, kamanda wa meli za kivita za Marekani, uliwaonyesha Wajapani mtambo wa telegrafu huko Yokohama. Lakini alama za Morse, yaani nukta na mistari ya kutumia ujumbe kwa telegrafu, zilitungwa kwa herufi za Kilatini, ilhali Kijapani huandikwa kwa kanji, ambazo ni maelfu, pamoja na kana, ambazo ni za silabi.

Waliobuni mfumo wa Kijapani waliziacha kanji, wakazifuata kana kwa mpangilio wa Iroha, shairi la kale linalotumia kila kana mara moja tu. Wakazigawia alama za A, B, C kwa zamu, wakichomeka nyingine katikati. Ndiyo maana “i” ina alama ya A, na “ha” ina ya B. “Ga” haikuhitaji alama mpya: hupigwa “ka”, kisha nukta mbili.

Namna ya kukariri inapendeza zaidi. “Ha” ni mstari mmoja na nukta tatu. Mwanafunzi husema “haamonika”, akivuta silabi ya kwanza na kukatiza tatu zinazofuata.

Wapenzi wa redio za ridhaa nchini Japani bado wanautumia mfumo huu, uitwao Wabun.