Waipa za Kisongo Hufa Kiangazi

Waipa za gari kuukuu hapa Kisongo haziuawi na mvua. Hufa kiangazi, zikiwa zimelala, na mvua huja tu kutangaza msiba. Nalisema hili kwa kuwa ndiyo kazi yangu: mimi ni fundi umeme wa magari kando ya barabara iendayo Makuyuni, na wateja wangu wengi wana Land Rover na Land Cruiser zilizowatangulia kuzaliwa.

Mlima Meru ndio unaotunyima maji. Upepo wa Bahari ya Hindi humwaga mvua upande wa Usa River na Tengeru, wenzetu wakapanda migomba na kahawa. Ukitufikia sisi wa magharibi umekwisha kukauka. Tunachobaki nacho ni vumbi la majivu ya volkano, laini kiasi cha kupenya hata kwenye saa ya mkononi. Kuanzia Juni hadi Oktoba dereva anaweza asiguse swichi ya waipa kabisa. Vumbi linashuka kwenye mhimili wa mkono wa waipa, linakorogeka na grisi, jua linaukausha mchanganyiko huo, na vuli ikigonga Novemba mkono umeganda.

Mzee aliyenifundisha alishika spana tangu enzi za Mwingereza, katika gereji ya idara ya ujenzi ya serikali. Alizijua Land Rover za kwanza kabisa. Gari hilo lilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948, na haukupita muda likawa gari la bwana shamba, la daktari wa mifugo na la askari wa wanyamapori katika Umasai yote. Zile za mwanzo, mota ya waipa ilikaa juu kwenye fremu ya kioo, mbele ya uso wa dereva, na mara nyingi abiria hakuwekewa waipa. Mota ikigoma, ugonjwa unauona kwa macho. Baadaye kiwanda kikaishusha nyuma ya dashibodi, mota moja ikaendesha mikono yote miwili kwa kebo iliyozungushiwa waya wa meno, inayokwenda na kurudi ndani ya bomba jembamba na kugeuza kigurudumu kidogo chini ya kila mkono. Hapo dalili ikawa huku na chanzo kule. Fundi akalazimika kufikiri.

Lakini kilichofanya kufikiri huko kuwe desturi ni uhaba. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya pale Namanga ulifungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu hapa Arusha, ikavunjika. Nairobi, ambako fundi wa Arusha alizoea kuagiza kaboni za mota kwa basi, ikawa kama iko ng'ambo ya bahari. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtoto wa Monduli hapo juu, alipoanza msako wa wahujumu uchumi, hata mwenye spea halali alisita kuziweka kaunta. Mpaka ulifunguliwa Novemba mwaka huo, na kuanzia 1984 mwenye fedha zake nje akaruhusiwa kuingiza bidhaa. Katika miaka ile yote hakuna aliyekuambia ubadilishe mota. Mota ingetoka wapi? Mpira wa waipa wenyewe ulikatwa kutoka tyubu ya gurudumu, na aliyekosa hata huo alipaka kioo tumbaku au kiazi kilichokatwa ili maji yateleze.

Ndiyo maana mzee hakukubali kijana aje na taarifa nusu. "Usiniambie waipa imekufa," alikuwa akisema. "Niambie imekufia wapi."

Acha nieleze kwa Land Rover 109 ya mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, iliyoletwa Jumatano, siku ya mnada.

"Shikamoo fundi. Waipa imegoma. Nimeambiwa ninunue mota."

"Marahaba. Aliyekuambia aliisikiliza?"

"Hakuifungua hata boneti."

Nikawasha swichi, nikaweka sikio. Mota ilinguruma kwa unyonge, mikono haikusogea. Ingekuwa kimya kabisa ningeanza na fyuzi. Ingelia kwa nguvu bila mikono kwenda, ningeshuku meno ya kebo au mkono uliolegea kwenye mhimili. Nikapima moto kwenye waya wa mota: taa ya majaribio ikawaka vizuri. Hapa ndipo vijana wengi hukata shauri kwamba mota imeungua. Lakini taa ile hunywa umeme kidogo sana, mota hunywa mwingi. Waya uliooza unaweza kuitosheleza taa na kuinyima mota. Nikavuta waya wa muda kutoka mwili wa mota hadi ethi ya betri, yaani njia ya umeme kurudi. Mota ikachangamka. Bodi ya Land Rover ni alumini, skrubu ni chuma, na viwili hivyo vikikutana penye unyevu alumini huliwa, ethi ikapotea. (Kwa Land Rover za kabla ya 1967 kuwa mwangalifu: nyingi zimeunganisha bodi na upande wa chanya wa betri.)

Mota ilichangamka, ila mikono bado ilijikokota. Basi nikaitenga kebo na mota. Mota peke yake ilizunguka bila shida. Nikafunga mizani ya kuning'iniza, ya aina wanayopimia nyama, kwenye ncha ya kebo nikavuta: maelekezo ya Lucas, watengenezaji wa mota hizo, yanataka nguvu isizidi ratili 6, karibu kilo 2.7, mikono na raba zake zikiwa zimeondolewa. Yangu ilipita hapo mbali. Kigurudumu cha upande wa abiria kilikuwa kimeshikwa na ile grisi ya vumbi. Nilikiosha kwa petroli, nikapaka grisi mpya, nikakwangua sehemu ya ethi hadi ikang'aa. Spea hakununua hata moja.

Siku hizi mota zilizotumika zinatoka Japani kwa maboksi, na kwa Noah au kifodi cha Hiace kubadilisha ni haraka kuliko kutafuta. Simlaumu kijana anayefanya hivyo abiria wakimsubiri. Ila nimeona mota nzuri zikitupwa kwa kosa la ethi, na mota ya pili ikiungua kwa kusukuma mhimili ulioganda ambao hakuna aliyeugusa.

Wateja wangu nawapa kazi moja ya kiangazi. Kila wiki mwaga maji kwenye kioo, washa waipa dakika moja, zima, utazame kama zinarudi kulala mahali pake. Zikisimama katikati ya kioo na hukuzima ufunguo wa gari, ni swichi ndogo ya kulazia iliyo ndani ya mota, na hiyo inasafishika. Usiziwashe kioo kikiwa kikavu, vumbi letu litakichora. Anayeifanya kazi hiyo tangu Juni hanipigii simu Novemba.