Majaji na safari ya komedi ya nyimbo kutoka Naro Moru

Komedi ya nyimbo ni mchezo ambao kisa chake husukumwa na wimbo, densi na kichekesho kwa pamoja. Inapohama kutoka jukwaa dogo hadi kubwa, maneno ya wahakiki huweza kuifungulia mlango au kuifungia. Nchini Marekani, The Producers ilijaribiwa kwanza Chicago mnamo Februari 2001 kabla ya kufunguliwa Broadway, New York, Aprili 19. Wahakiki waliisifu, na siku iliyofuata tikiti za zaidi ya dola milioni 3 zikauzwa. Hata hivyo, sifa si sharti. Les Misérables, ambayo si komedi, ilikashifiwa na wahakiki wa London ilipoanza Barbican mnamo Oktoba 1985, lakini watazamaji waliimiminikia na ikahamia ukumbi wa Palace Desemba mwaka huo huo.

Naro Moru, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu ya Nyeri kuelekea Nanyuki, ni nadra kuwaona wahakiki wa magazeti. Huko kazi hiyo hufanywa na majaji wa tamasha za drama za shule. Mchezo hupanda ngazi: kaunti ndogo ya Kieni Mashariki, kaunti ya Nyeri, eneo la Kati, kisha taifa. (Shule za Nanyuki, ingawa ni majirani, zimo Laikipia na hupitia Bonde la Ufa; hivyo hukutana na zile za Naro Moru katika fainali pekee.) Mchezo ukikwama ngazi ya kwanza, jasho la mazoezi huishia hapo.

Kitengo kinachokaribia komedi ya nyimbo ni densi bunifu ya kitamaduni, ambapo kisa huimbwa na kuchezwa. Majaji hutoa alama, kisha huwaeleza walimu na wanafunzi dosari walizoziona. Kwa hili wana uzito kuliko gazeti. Mhakiki wa gazeti humwandikia mnunuzi wa tikiti, ilhali jaji humwambia mwelekezi la kurekebisha kabla ya jukwaa linalofuata. Wimbo uliorefushwa hukatwa, maleba hubadilishwa, mhusika asiye na kazi huondolewa.

Kichekesho ndicho kigumu kuhamisha. Fumbo la Gikuyu linalovunja watu mbavu Kieni litaeleweka Murang'a na Kiambu, lakini mbele ya hadhira ya nchi nzima huenda likapokewa kwa kimya. Mwelekezi stadi hukihamishia kichekesho mwilini: mwendo, uso, mkao. Aidha, jopo la ngazi moja silo la ngazi nyingine, na anayetii kila neno la kila jopo hufika mbali na mchezo uliochujuka.

Wala sifa za majaji hazitoshi kila mara. Mwaka wa 2013, Shackles of Doom, mchezo wa Cleophas Malala ulioigizwa na Shule ya Wasichana ya Butere, ulifuzu kutoka Magharibi lakini ukazuiwa kuonyeshwa katika fainali za Mombasa, hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uruhusiwe.

Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri na mwandishi wa safu ya Whispers, alichagua njia nyingine. Kabla ya kufariki Julai 2003, alipeleka michezo ya tashtiti kwa lugha ya Gikuyu katika baa, mbele ya wateja na chupa zao. Huko mzaha usiochekesha ulijulikana papo hapo, kabla mhakiki yeyote hajashika kalamu.